Apokrifa za Agano Jipya na Nafasi Yake Uluguru

Maana na mipaka

Apokrifa za Agano Jipya ni maandiko ya Kikristo ya kale yanayomhusu Yesu, jamaa zake au mitume, lakini hayakuingizwa katika kanoni, yaani orodha ya vitabu ambavyo Kanisa huvikubali kuwa Maandiko Matakatifu. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, kama ilivyo leo, inaonekana kwa mara ya kwanza katika barua ya Pasaka ya Athanasi wa Aleksandria ya mwaka 367.

Apokrifa hizi hutofautishwa na makundi mawili ya jirani. Kundi la kwanza ni deuterokanoni, kama Tobiti, Yuditi, Hekima na Wamakabayo. Hivi ni vitabu vya Agano la Kale. Wakatoliki huvikubali na Waprotestanti wengi hawavihesabu, ndiyo maana Biblia ya Mkatoliki ina vitabu 73 na ile ya Mlutheri 66. Kundi la pili ni maandishi ya Mababa wa Kitume: Didake, Waraka wa Kwanza wa Klementi, Waraka wa Barnaba, Mchungaji wa Herma na mengineyo. Haya yaliheshimiwa sana, hata Barnaba na Herma vikanakiliwa mwishoni mwa Kodeksi Sinaitiko ya karne ya 4, lakini hatimaye yakabaki kuwa mafundisho yenye manufaa, si Maandiko.

Aina

Kwa umbo, apokrifa hufuata mgawanyo wa Agano Jipya lenyewe. Ziko injili, nazo ni za namna tatu: za utoto, kama Injili ya Yakobo ya karne ya 2 na Injili ya Utoto ya Toma, za mateso, kama Injili ya Petro na Injili ya Nikodemo, ambayo ndani yake mna Matendo ya Pilato, na za misemo, kama Injili ya Toma yenye misemo 114, ambayo nakala yake kamili ya Kikopti ilipatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Yako matendo, kama ya Petro, ya Toma, na ya Paulo na Tekla. Ziko nyaraka, kama ule kwa Walaodikia. Uko pia ufunuo, kama wa Petro.

Sababu za kuachwa

Vipimo vilivyotumika vilikuwa vitatu: asili ya kitume, ulinganifu na imani iliyopokewa, na kusomwa katika makanisa mengi. Kuachwa hakukuwa na maana moja. Injili ya Petro ilizuiwa na Askofu Serapioni wa Antiokia kwa kushukiwa kuwa na mafundisho potofu. Matendo ya Paulo yaliangushwa na asili yake: Tertuliano anaeleza kwamba padri mmoja wa Asia alikiri kuyatunga kwa kumpenda Paulo, akapoteza cheo chake.

Matumizi Uluguru

Ukatoliki uliletwa Uluguru, eneo la milima la Morogoro, na Wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambao walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye wakapanda hadi Matombo na Mgeta. Apokrifa hazisomwi katika Misa za huko. Habari zilizomo ndani yake, hata hivyo, zimefika milimani kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni majina ya ubatizo. Anna na Yoakimu, wazazi wa Maria, hawatajwi popote katika Agano Jipya. Wanatoka katika Injili ya Yakobo, ambamo Anna anaona kiota cha shomoro mtini na kuulilia utasa wake. Tekla anatoka katika Matendo ya Paulo na Tekla. Dismas, mwizi aliyetubu, na Longino, askari wa mkuki, wanatoka katika Injili ya Nikodemo. Mathayo na Luka hupitisha nasaba kwa Yosefu. Injili ya Yakobo ndiyo inayompa Maria baba na mama. Kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, tofauti hiyo si ndogo.

Njia ya pili ni kalenda. Tarehe 26 Julai ni kumbukumbu ya Yoakimu na Anna. Tarehe 21 Novemba ni ya Maria kutolewa hekaluni, tukio ambalo Injili ya Yakobo inaliweka alipokuwa na umri wa miaka mitatu.

Njia ya tatu ni ibada za waamini. Katika Njia ya Msalaba, inayofanywa siku za Ijumaa za Kwaresima, kituo cha sita ni Veronika anapangusa uso wa Yesu. Jina hilo lilianzia katika Matendo ya Pilato, ambamo anapewa mwanamke aliyeponywa kutokwa damu. Habari ya kitambaa iliongezwa baadaye.

Mahali panapokutana na Uislamu

Kwa kuwa Morogoro ina Waislamu na Wakristo wengi, baadhi ya habari hizi hujulikana kwa pande zote mbili. Ndege wa udongo ambao Yesu aliwapa uhai wamo katika Injili ya Utoto ya Toma, na pia katika Qur'ani, Sura ya Al-Imran aya ya 49. Injili ya Barnaba, ambayo hutajwa mara kwa mara katika mihadhara ya dini, si apokrifa ya kale: hati yake ya Kiitaliano iliyoko Vienna ni ya karne ya 16, na haihusiani na Waraka wa Barnaba uliotajwa juu.

Daraja za kukubaliwa

Kwa matumizi, maandiko yaliyo nje ya kanoni ya wengi yana daraja tatu. Yapo yaliyo ndani ya kanoni ya kanisa fulani, kama Kitabu cha Henoko, chenye asili ya Kiyahudi, kwa Waorthodoksi wa Ethiopia. Yapo yanayosomwa hasa na wanazuoni, kama Injili ya Toma. Na yapo yasiyosomwa hadharani lakini yanatumika kila siku. Injili ya Yakobo na ya Nikodemo ziko katika daraja hili, na Uluguru zinatumika na watu ambao wengi wao hawajawahi kuzifungua.