Augustino wa Hippo: Mtu Aliyemtafuta Mungu Katikati ya Shughuli



Mara nyingi twasikia watu wakisema hivi: "Nitamtafuta Mungu nitakapopata nafasi." Mkulima husema atafanya hivyo baada ya mavuno, mfanya biashara, baada ya kulipa deni lake, mwanafunzi, baada ya mtihani. Tena wako wasemao kuwa dunia imechafuka mno, basi kwanza itulie, ndipo mtu aweze kusali kwa moyo mkunjufu. Leo nataka kuwasimulia habari za Mwafrika mmoja aliyesema maneno kama hayo kwa miaka mingi, kisha akajifunza kwa taabu ya kuwa nafasi ya namna ile haiji yenyewe. Jina lake ni Augustino, ambaye baadaye alikuwa askofu wa mji wa Hippo.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste. Mahali pale sasa panaitwa Souk Ahras, nao ni mji wa nchi ya Algeria. Zamani zile pwani yote ya kaskazini ya Afrika ilikuwa chini ya dola ya Rumi. Watu wa mjini walisema Kilatini, na wengi wa mashambani walisema lugha yao ya kale iitwayo Kipuniki. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba lisilo kubwa, naye alikuwa mmoja wa wazee wa baraza la mji. Hakuwa Mkristo mpaka alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kweli, mwenye kusali bila kuchoka.

Alipelekwa shuleni akiwa mtoto, na wanafunzi wanaonisikiliza watamhurumia, maana alipigwa sana. Sala zake za kwanza, kama alivyoandika mwenyewe katika ukubwa wake, zilikuwa za kumwomba Mungu asipigwe na mwalimu. Na watu wazima walimcheka. Alikichukia Kiyunani, bali alikipenda Kilatini. Alipofika miaka 16 alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kuwa baba yake hakuwa na fedha za kumsomesha mbele. Ndipo tajiri mmoja wa mji ule, jina lake Romanianus, alipomsaidia, akaenda Karthago, mji mkuu wa nchi zile.

Huko Karthago alijifunza ufasaha wa maneno, elimu iliyompa mtu cheo katika mabaraza ya Rumi. Akakaa na mwanamke asiyemwoa kwa ndoa, akazaa naye mtoto mwanamume, wakamwita Adeodatus, maana yake "aliyetolewa na Mungu". Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kilichosifu kutafuta hekima, na moyo wake ukawaka. Akafungua Biblia, lakini akaona maneno yake ni ya kishamba kuliko ufasaha aliouzoea, akaifunga. Badala yake akafuata mafundisho ya Mani, mtu wa Uajemi, yaliyojidai kueleza asili ya mema na mabaya. Akakaa katika mafundisho yale kwa muda wa miaka tisa, na mama yake akawa akilia na kumwombea.

Mwaka 383 akavuka bahari kwenda Rumi, na mwaka uliofuata akapata kazi kubwa Milano, mji aliokaa Kaisari. Akawa mwalimu wa ufasaha kwa mshahara wa serikali. Hapo ndipo tunapomwona Augustino katika hali inayofanana na yetu. Asubuhi alifundisha wanafunzi. Saa zilizobaki alikwenda kuwaamkia wakubwa ambao aliwategemea, akatayarisha masomo, akapumzisha mwili kidogo. Baadaye aliandika ya kuwa katika siku zile alijiuliza vitabu vya Mungu atavisoma saa ngapi. Hata askofu Ambrosio, ambaye alitaka sana kuzungumza naye, hakupatikana kwa urahisi, maana watu walimsonga mchana kutwa. Na alipopata dakika chache za faragha alizitumia kusoma kimya kimya.

Siku moja Augustino alikuwa akitembea katika njia ya Milano, moyo umemlemea, kwa kuwa alitakiwa kutoa hotuba ya kumsifu Kaisari, nayo ilikuwa hotuba iliyojaa uongo. Akamwona maskini mwombaji aliyelewa, anacheka na kufanya mzaha. Akawaambia rafiki zake ya kuwa mtu yule, kwa senti chache za kuombaomba, amekwisha kupata furaha ambayo wao wanaitafuta kwa jasho na hila, nao hawajaipata. Furaha ya mlevi haikuwa ya kweli, alilijua hilo. Lakini na sifa aliyokuwa akiitafuta yeye haikuwa ya kweli vile vile. Mlevi angalau ulevi wake ungemtoka usiku uleule. Yeye alilala na wake na kuamka nao.

Hata hivyo alikawia. Watu wake walitaka aoe binti wa nyumba yenye mali. Basi yule mwanamke aliyekaa naye miaka mingi akarudishwa Afrika, akamwacha mtoto. Augustino hakuficha ya kuwa moyo wake ulipata jeraha. Na sisi tusomapo habari hii tunaona pia jeraha la mwanamke yule, ambaye jina lake halikuandikwa.

Mwezi wa Agosti mwaka 386 mgeni mmoja kutoka Afrika, Ponticianus, aliwasimulia habari za Antonio wa Misri, aliyeacha mali yake akaenda kumtafuta Mungu jangwani. Augustino akaona haya. Watu wasio na elimu kama yake wametangulia, na yeye bado anahesabu sababu za kungoja. Akatoka bustanini akalia chini ya mtini. Akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikiimba kama kumwambia asome. Akafungua Waraka wa Paulo kwa Warumi, akasoma maneno machache ya kumwita aache maisha ya tamaa. Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka 387 Ambrosio akambatiza pamoja na mwanawe na rafiki yake Alypius. Mwaka ule ule Monika alikufa huko Ostia, walipokuwa wakingoja merikebu ya kurudi kwao.

Labda mtadhani kwamba tangu siku hiyo alipata utulivu. Yeye mwenyewe alidhani hivyo. Mwaka 388 alirudi Thagaste, akakaa na rafiki zake wachache kusoma na kusali. Baada ya muda si mrefu mwanawe akafa, naye angali kijana. Kisha mwaka 391 Augustino alikwenda Hippo, mji wa pwani, kwa shughuli yake. Akaingia kanisani kusali, na watu wakamtambua, wakamshika, wakampeleka mbele ya askofu Valerius, wakapiga kelele afanywe padri. Akalia machozi, lakini hakuachiwa. Aliomba jambo moja tu: apewe muda mfupi wa kujifunza Maandiko kabla ya kuanza kazi. Miaka michache baadaye akawa askofu wa Hippo, akadumu katika kazi ile mpaka kufa.

Sheria ya Rumi ilimruhusu askofu kuamua kesi za watu, kwa hiyo kila siku walimjia: huyu amenyang'anywa mpaka wa shamba, yule anadai urithi, mwingine anagombania mali ya yatima. Possidius, rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake, asema ya kuwa pengine alisikiliza kesi mpaka saa ya kula, na siku nyingine kutwa nzima bila kula. Watu wa Hippo waliwahi kumwahidi kwamba watamwachia siku tano katika kila juma ili ajifunze Maandiko. Ahadi ikaandikwa na wote wakaikubali kwa sauti kubwa. Walakini haukupita muda mrefu, wakarudi mlangoni na mashauri yao. Mwaka 426, alipokuwa mzee, ilimbidi kuwakusanya tena na kumweka padri Eraclius amsaidie kubeba mzigo.

Basi alimtafuta Mungu saa ngapi? Alimtafuta ndani ya mambo yale yale. Nyumba yake aliifanya iwe ya kukaa pamoja na mapadri wake bila mtu kuwa na mali yake mwenyewe. Chakula kilikuwa cha kawaida, na wakati wa kula kitabu kilisomwa. Juu ya meza aliandika mashairi ya kumkataza mtu kumsengenya mwenziwe ambaye hayupo. Na maaskofu waliosahau aliwakemea, akasema kwamba ama mashairi yafutwe ama yeye aondoke mezani. Usiku, watu walipokwisha kwenda zao, alikesha akisoma na kuwatajia waandishi maneno ya vitabu vyake. Kwa njia hiyo aliandika Maungamo, kitabu kisimuliacho safari ya moyo wake, nacho chote kimeandikwa kama sala.

Kwake kumtafuta Mungu hakukuwa kufunga macho asione taabu za watu. Barua zake kadhaa zilizosahauliwa kwa karne nyingi zilipatikana na kupigwa chapa mwaka 1981, na moja yao inatuhusu sana sisi wa pwani na bara ya Afrika ya Mashariki. Aeleza jinsi wafanya biashara ya watumwa walivyoingia vijijini kwa nguvu, wakateka watu huru, wakawapeleka pwani ili wavushwe bahari. Wakristo wa Hippo walipopata habari, na askofu wao hayupo, wakawatoa watu wapatao 120, wengine merikebuni, wengine mahali walipofichwa. Augustino akamwandikia Alypius atafute msaada wa sheria kwa Kaisari. Nasi ambao babu zetu waliona minyororo ya Kilwa na Bagamoyo, na ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuhitaji kuelezwa uzito wa barua hiyo. Tena, Possidius asema ya kuwa Augustino aliagiza vyombo vitakatifu vya kanisa viyeyushwe ili kuwakomboa mateka na kuwasaidia maskini.

Lakini tusimfanye kuwa malaika. Wakristo wa Afrika zamani zile walikuwa wamegawanyika, na wengi walifuata upande wa Wadonato. Mwanzoni Augustino alitaka wavutwe kwa maneno tu. Baadaye alikubali serikali iwalazimishe kwa sheria na adhabu. Watu wa karne za nyuma walitumia maneno yake kutetea mateso makubwa kuliko yale. Hata mtu amtafutaye Mungu kwa moyo wote aweza kukosa njia anapoazima upanga wa serikali.

Sasa nije kwenye misukosuko ya dunia. Tarehe 24 Agosti mwaka 410, jeshi la Wagothi likiongozwa na Alaric liliingia mji wa Rumi, likauteka na kuunyang'anya siku tatu. Kwa muda wa karibu miaka 800 adui wa nje hakuwa ameuteka mji ule. Wakimbizi wakafika Afrika, na wengi wakasema kuwa msiba umekuja kwa sababu watu wameacha miungu ya zamani wakamfuata Kristo. Augustino akajibu kwa kitabu kikubwa, Mji wa Mungu, chenye sehemu 22, alichokiandika toka mwaka 413 hata 426. Alionyesha kuwa Rumi ilipata misiba hata ilipoabudu miungu yake. Kwamba mvua na jua, njaa na vita, huwapata wema na wabaya. Na tofauti iko katika jinsi kila mmoja anavyouchukua msiba wake. Falme husimama na kuanguka, lakini mji wa Mungu haujengwi kwa mawe, basi hauvunjwi kwa shoka.

Maneno hayo alitakiwa kuyaishi mwenyewe. Mwaka 429 Wavandali, wakiongozwa na mfalme Geiseric, walivuka toka Hispania wakaingia Afrika wakichoma na kuua. Askofu mmoja alimwuliza kama mapadri wakimbie. Akamjibu ya kuwa anayewindwa yeye peke yake aweza kukimbia, ikiwa wako wengine wa kuwahudumia watu. Lakini hatari ikiwa ni ya wote, mchungaji asiwaache kundi. Yeye alibaki. Mwaka 430 Hippo ikazingirwa, na katika mwezi wa tatu akashikwa na homa. Akaagiza zaburi chache za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia. Kwa siku kumi hivi aliomba asiingiliwe ila na mganga au mwenye kumletea chakula. Maadui walikuwa nje ya ukuta, na ndani yeye alikuwa akisali. Tarehe 28 Agosti alikufa, katika mwaka wa 76 wa maisha yake. Hakuacha wasia, maana hakuwa na mali. Ila aliomba vitabu vitunzwe.

Baadaye mji ukaachwa na kuchomwa sehemu, na magofu yake yanaonekana mpaka leo huko Annaba, Algeria. Vitabu vikabaki.

Wasikilizaji wangu, Augustino alipokuwa Milano alingoja nafasi, nayo haikuja. Alipokuwa Hippo aliahidiwa nafasi, nayo ikavunjwa. Alipokaribia kufa aliipata kwa siku kumi, na mji umezungukwa na majeshi. Kama angengoja shughuli ziishe na vita itulie, asingeandika ukurasa mmoja wala kusali sala moja. Bandu bandu huisha gogo. Robo saa kabla ya kwenda shambani, ukurasa mmoja kando ya taa, ulimi uliozuiwa kusengenya mezani, shauri la yatima lililosikilizwa kwa haki: hayo yalikuwa mlango wake, nao ni mlango uliofunguliwa kwa kila mmoja wetu leo.