Dola za Morgan: Daraja Lisilo na Nambari ya Toleo

Chukua sarafu mbili za dola ya fedha, zote zilizotengenezwa San Francisco mwaka 1881. Zote mbili zimefungwa ndani ya kasha la plastiki, na kila kasha lina kikaratasi kilichoandikwa MS-64. Moja imo katika kasha jipya. Nyingine imo katika kasha dogo la mwaka 1986, lenye mikwaruzo kila upande. Mara nyingi mkusanyaji wa Marekani atalipa zaidi kwa ile ya kasha kuukuu.

Kwa nini plastiki chakavu iongeze bei ya sarafu? Jibu limo katika historia ya hiyo nambari 64. Ni nambari iliyobadilika maana bila kubadilika sura, na sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huo vizuri.

Sarafu iliyokaa guniani

Dola hii ilipewa jina la mchoraji wake, George T. Morgan. Zile za zamani zilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena mwaka 1921. Uzito wake ni gramu 26.73, na asilimia 90 ni fedha safi. Ni sarafu nzito, inayokaribia ukubwa wa ile reale ya Maria Theresa iliyotumika Zanzibar na Mombasa karne ya 19.

Sheria ya Bland-Allison ya mwaka 1878 iliilazimisha serikali ya Marekani kununua fedha ya migodini na kuigeuza sarafu. Wananchi hawakuzihitaji zote. Mamilioni zilibaki ndani ya magunia ya dola 1,000 kila moja, zikigongana na kukwaruzana katika vyumba vya hazina. Kwa sheria ya Pittman ya mwaka 1918, dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa.

Zilizosalia zilikuja kutoka kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walipokimbilia kubadilisha noti zao kwa sarafu. Mwezi Machi 1964 serikali ilifunga mlango huo. Ilibaki na takriban milioni 3, nyingi zikiwa za kiwanda cha Carson City, Nevada. Iliziuza kwa umma kati ya 1972 na 1980, nyingi zikiwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Makasha hayo hayakuwa na nambari ya daraja. Hali ya sarafu ulijionea mwenyewe.

Nambari ilikotoka

Kipimo cha 1 hadi 70 kilibuniwa na William Sheldon, mwanasaikolojia, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani. Wazo lilikuwa hesabu ya bei tu: sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Bei za sokoni zilipobadilika, hesabu ile ikavunjika. Nambari zikabaki. Mwaka 1977 chama cha wakusanyaji wa Marekani, ANA, kilizitumia katika mwongozo wake wa sarafu zote.

Sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu sokoni hupewa herufi MS na nambari kati ya 60 na 70. Hapo ndipo pesa zilipo. Tofauti kati ya 64 na 65 ni mikwaruzo michache shavuni mwa yule mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu, lakini kwa miaka iliyo adimu pengo la bei ni kubwa mno. Kabla ya makasha, mnunuzi wa kawaida alikuwa mateka. Mfanyabiashara akinunua kwako, sarafu ni 63. Akikuuzia wewe, sarafu ile ile ni 65. Hapakuwa na refa aliyeaminiwa na wote.

Refa alipatikana mwaka 1986, wafanyabiashara saba akiwemo David Hall walipoanzisha kampuni ya PCGS huko California. Wakaguzi kadhaa waliitazama sarafu kila mmoja peke yake, kisha ikafungiwa ndani ya plastiki pamoja na daraja lake na dhamana ya kampuni. Mwaka uliofuata John Albanese alianzisha NGC. Sasa mtu angeweza kununua sarafu kwa simu bila kuiona, kwa kuamini kikaratasi. Katika makasha ya kwanza ya PCGS sarafu haikubanwa vizuri. Ukilitikisa lilicheza kama kayamba. Hayo ndiyo wakusanyaji wanayoyatafuta leo.

Jaribio linalorudiwa hadi lifaulu

Refa naye ni binadamu. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki PCGS kwa kutia chumvi katika matangazo yake kuhusu uthabiti wa madaraja yake, na kesi ikaisha kwa maafikiano. Mwaka huo huo kampuni ilitangaza mfumo wa tarakilishi ulioitwa The Expert, wa kuipiga sarafu picha na kuikadiria bila jicho la mtu. Walianza na dola ya Morgan. Mfumo huo haukudumu.

Sasa hebu tufikiri kama waandishi wa programu. Tuseme sarafu iko mpakani mwa 64 na 65, na wakaguzi wakiitazama mara tatu, mara mbili watasema 64 na mara moja 65. Mwenyewe anaipata ikiwa 64. Anavunja kasha, anaituma tena, analipa ada. Akipata 64, anavunja tena. Akipata 65, anaacha.

Kila mmoja wetu amewahi kuona jaribio la programu linalofeli leo na kufaulu kesho, na mtu akaliendesha upya hadi taa ya kijani iwake. Programu haikuboreka hata kidogo. Vivyo hivyo hapa, madaraja yote yatapanda polepole hata kama kila mkaguzi ni mwaminifu na hakuna aliyelegeza kanuni, kwa sababu majibu ya chini hutupwa na ya juu huhifadhiwa. Juu ya hayo, wakusanyaji wengi wanaamini kwamba kanuni zenyewe pia zililegea.

Takwimu nazo zikachafuka. Kampuni hizi huchapisha hesabu ya sarafu zilizopewa kila daraja. Lakini nambari ya cheti ilikuwa ya kasha, haikuwa ya sarafu. Sarafu iliyovunjwa na kutumwa mara tano yaweza kuhesabika kama sarafu tano, mwenyewe asiporudisha vikaratasi vya zamani. Mwaka 2010 PCGS ilianzisha huduma ya kuitambua sarafu kwa leza ili ikirudi ijulikane. Kufikia hapo, miaka 24 ya data ilikuwa imeshaingia.

Kasha kama tarehe

Ndiyo maana kasha la kayamba lina thamani. MS-64 haina nambari ya toleo. Plastiki ndiyo inayokuambia ni MS-64 ya lini. Mwaka 2007 Albanese alianzisha CAC, kampuni ya kukagua upya sarafu zilizokwisha kuwekwa kashani. Kibandiko cha kijani humaanisha daraja ni imara, na cha dhahabu humaanisha sarafu ilistahili daraja la juu zaidi. Vibandiko vya dhahabu hupatikana sana kwenye makasha ya zamani.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kila kasha kuukuu ni bahati. Jiulize mbona hili halijavunjwa. Huenda lilisahaulika kabatini. Huenda pia limepita mbele ya macho makali kumi, na wote wakaona hapana cha kupanda. Zaidi ya hayo, kasha halizuii hewa kabisa, kwa hiyo rangi ya fedha inaweza kuendelea kubadilika. Na tangu miaka ya 2000 kumekuwa na makasha bandia yenye sarafu bandia ndani. Tarehe ni ushahidi tu, haikuondolei kazi ya kuitazama sarafu.

Kinachonisikitisha ni kile kinachopotea. Kila kasha la 1986 linapovunjwa, mwenyewe huenda akapata nukta moja na dola mia kadhaa. Lakini sarafu za kupima jicho la wakaguzi wa 1986 ni zile tu ambazo bado zimo katika plastiki yao. Zikiisha, hatutaweza tena kujua kama madaraja yalipanda, na kwa kiasi gani. Mhandisi anayefuta kumbukumbu za mfumo ili apate nafasi kwenye diski atalielewa jambo hili siku atakapotafuta chanzo cha hitilafu.