Futi Tatu kwa Sita

Futi tatu kwa sita ni kama kipimo cha kaburi. Ndicho pia kipimo cha kila kipande cha blanketi la viraka ambalo Wamarekani walianza kulishona mwaka wa 1987, kuwakumbuka waliouawa na UKIMWI. Kipimo hicho hakikuja kwa bahati. Wakati huo kulikuwa na nyumba za mazishi zilizokataa kupokea maiti, na familia zilizokataa kuzika watoto wao.

Wazo lilizaliwa San Francisco, Novemba 1985. Mwanaharakati Cleve Jones alikuwa akiandaa maandamano ya mishumaa ya kumkumbuka Harvey Milk na meya George Moscone, waliouawa kwa risasi mwaka wa 1978. Akapata habari kwamba UKIMWI umeshaua watu zaidi ya 1,000 katika mji huo mmoja. Basi akawaomba waandamanaji waandike majina ya watu wao kwenye mabango, wakayabandika kwenye ukuta wa jengo la serikali kuu. Jones alipoutazama ule ukuta, aliona blanketi la viraka, kama yale ambayo nyanya zao hushona kwa vitambaa vilivyobaki.

Serikali yenyewe ilikuwa imenyamaza. Rais Ronald Reagan alitoa hotuba yake kuu ya kwanza kuhusu ugonjwa huo Mei 1987, na kufikia hapo zaidi ya Wamarekani 20,000 walikuwa wameshakufa.

Oktoba 11 mwaka huohuo, vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja wa National Mall, Washington, na majina yakasomwa kwa sauti, moja baada ya jingine. Washonaji wengi hawakuwa mafundi. Walishonea chochote walichoachiwa na marehemu: jinzi, tai, vidoli vya dubu, hata pete za ndoa. Leo vipande ni kama 50,000, na blanketi lote lina uzito wa tani 54.

Kipande kinachonivutia zaidi si cha mapenzi hata kidogo. Ni cha Roy Cohn, wakili mwenye nguvu ambaye hadi anakufa mwaka wa 1986 alisema anaugua saratani ya ini. Aliyemshonea aliandika maneno matatu: mwonevu, mwoga, mhanga. Hebu fikiria tanzia ya hapa kwetu ikisema hivyo! Lakini naye alishonewa, akalazwa katikati ya wenzake.

Sisi tulichagua njia ya Cohn. UKIMWI ulitambuliwa Kenya mwaka wa 1984. Rais Moi akautangaza kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Miaka kumi na mitano ya kuzika, huku matangazo ya vifo yakisema tu marehemu "aliugua kwa muda mrefu." Mtaani tuliuita miwaya. Nyumbani ulikuwa "ule ugonjwa," tena kwa sauti ya chini. Na si ati hatukuwa na kitambaa: leso zetu zina maandishi, na maandishi hayo Waswahili huyaita jina.

Ndiyo maana leo kuna kijana Nairobi aliyepewa jina la mjomba wake, anaitwa hilo jina kila siku, na hajawahi kuambiwa huyo mjomba aliuawa na nini.