Akseli Gallen-Kallela: Mchoraji wa Mandhari na Nchi ya Mto Tana

Akseli Gallen-Kallela (1865–1931) ni mchoraji wa Ufini aliyeishi Kenya kati ya 1909 na 1911 na kuchora picha zipatazo 150 za rangi ya mafuta. Miongoni mwa mandhari alizochora umo Mlima Kenya, ambao pamoja na safu ya Aberdare ndio chimbuko la Mto Tana.

Maisha

Alizaliwa Pori tarehe 26 Aprili 1865 kwa jina la Axel Gallén, akalibadili mwaka 1907. Alisomea Helsinki na Paris, akavuma kwa picha za Kalevala, utenzi wa taifa la Wafini, ikiwemo Ulinzi wa Sampo (1896). Mei 1909 alihamia Nairobi na mkewe Mary na watoto wao wawili, Kirsti na Jorma. Alifariki Stockholm tarehe 7 Machi 1931.

Uchoraji

Katika picha yake Ziwa Keitele (1905), maji yametulia, michirizi ya rangi ya fedha inayakata mshazari, na kisiwa chenye miti kinaonekana kwa mbali. Kila kitu kimepangwa kwa utaratibu. Nairobi mambo yalikuwa mengine: jua la adhuhuri husimama utosini, vivuli hufupika na rangi huwaka. Hapo alichora picha ndogondogo kwa mikono ya haraka na rangi nzito, mashujaa wa utenzi akawaweka kando. Alichora nyika, milima na sura za Wakikuyu.

Kutoka mlimani hadi Garsen

Tana husafiri takriban kilomita 1,000, ukapita Garissa, Hola na Garsen kabla ya kumwaga maji baharini Kipini. Garsen ni nchi tambarare. Kingoni kuna miembe na migomba ya Wapokomo. Ng'ambo ya mashamba ni malisho ya Waorma na Wardei, na mto ukifurika mbuga hugeuka ziwa. Mchoraji hapa hana mlima wa kuijaza picha. Jawabu moja lilipatikana Uholanzi, nchi nyingine ya maji na tambarare: katika picha zake za Haarlem, Jacob van Ruisdael (takriban 1629–1682) alishusha upeo wa macho, akaliachia anga theluthi mbili ya kitambaa, kisha akapitisha vivuli vya mawingu juu ya mashamba ili jicho lipime umbali. Jawabu la pili ni la Keitele: kuusoma uso wa maji wenyewe. Mbinu zote mbili zinaifaa Garsen zaidi kuliko ile ya kuijaza picha kwa mlima.

Urithi

Kitabu chake kuhusu Afrika kilitoka 1931. Studio yake ya Tarvaspää, Espoo, iliyojengwa 1911–1913, ni makumbusho tangu 1961. Picha ya Ziwa Keitele ilinunuliwa na National Gallery ya London mwaka 1999.