Mwenye gita ndiye mwenye bendi

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu, wengi mmeuliza: chama cha kusaidiana kina kazi gani na muziki? Tujibu kwa historia kidogo.

Kwetu Kongo neno «jazz» halikuwa muziki wa Marekani tu. Lilikuwa jina la bendi ya kisasa, hata kama inapiga rumba. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953. Mwaka 1956, pale Léopoldville, vijana kadhaa wakaanzisha OK Jazz. Franco alikuwa na miaka 17. Ile «OK» ilitoka kwa OK Bar, baa ya Oscar Kashama walimokuwa wakipiga. Ni kusema, bendi iliyokuja kuwa kubwa hivyo ilipata jina kwenye baa ya mtaani. Mwaka 2021 UNESCO ikaandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa utamaduni wa dunia.

Wakongo walivuka ziwa na muziki huo. Miaka ya 1970 Orchestra Maquis walikuwa Dar es Salaam. Remmy Ongala, mtoto wa upande wa Kindu, alifika huko 1978, aliitwa na mjomba wake Mzee Makassy aliyekuwa na bendi yake. Familia ndiyo ilimfungulia mlango. Baadaye akawika na Super Matimila. Alifariki 2010, lakini kule Sinza watu wangali wanasema «kwa Remmy».

Ugumu ulikuwa vyombo. Bendi nyingi za Dar zilipiga kwa magita na spika za tajiri. Mwenye vyombo ndiye aliamua nani apige, nani atoke, na mshahara uwe ngapi. Maquis walitafuta njia nyingine: waliunda kampuni yao, Omaco, ili wanamuziki wenyewe wawe wenye mali.

Mwezi uliopita kamati yetu ilitembelea nganda moja hapa Baraka. Mama yuko jikoni na samaki wake, binti anashika hesabu, watoto wawili wa kiume wanapiga na wazee waliojifunza gita kule Nyarugusu. Jumamosi kartie yote inafika: waliorudi juzi na wale ambao hawakukimbia kamwe, meza moja. Tumefanya mikutano mingi ya kupatanisha watu. Mara chache tuliona wamekaa hivyo bila kuitwa.

Ila vyombo si vyao. Wanakodisha kila juma, na kodi inakula karibu mapato yote ya mlangoni. Wanaomba mkopo.

Wako wanachama wanaosema feza ya likelemba isiingie kwenye pombe. Neno lao ni la haki, na tunalipokea: mkopo usinunue hata chupa moja. Ununue magita mawili na spika, viandikwe kwa jina la wapigaji wote pamoja, walipe kidogo kidogo kila mwezi. Na wafundishe vijana wetu mchana, bure, wakati hakuna bia mezani.

Kura ni kwenye mkutano ujao. Njooni, hata ninyi mnaokataa. Wale wazee bado wana vidole. Tusingoje mpaka tuwe na gita bila wapigaji.