Anayetengeneza Meli Ndiye Mwenye Ziwa

Ukisimama Kibenga, kusini mwa Bujumbura, milima ya Uvira, upande wa Kongo, huonekana karibu, na maji yaliyo katikati hudhaniwa kuwa mpaka tu. Lakini Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, linagusa nchi nne, na halina njia ya meli kwenda baharini. Mto wake pekee wa kutolea maji, Lukuga, huelekea mto Kongo kupitia maporomoko yasiyopitika. Kwa hiyo meli kubwa huletwa vipande vipande, huungwa ufukweni, na ikiharibika hutengenezwa hapo hapo au hufia hapo. Ndiyo maana tangu zamani aliyemiliki chelezo, yaani mahali pa kupandishia meli zinapotengenezwa, na mafundi ndiye aliyelitawala ziwa hili, bendera yoyote iliyopepea juu yake.

Mwaka 1858, wapelelezi Burton na Speke walipofika Ujiji, ufukoni mwa mashariki, mitumbwi ilikuwa mingi lakini majahazi yalikuwa adimu. Speke alivuka ziwa kwenda kumwomba mfanyabiashara wa Kiarabu, Hamed bin Sulayyim, amkodishe jahazi lake, akarudi mikono mitupu. Wamisionari wa Kiingereza waliokuja baadaye walijifunza somo hilo kwa jasho. Stima yao, Good News, ilibebwa kwa vipande kutoka Ziwa Nyasa, ikaungwa kusini mwa Tanganyika na kushushwa majini mwaka 1885.

Wajerumani, walioanzisha mwaka 1897 kituo cha kijeshi cha Usumbura, ambacho ndicho Bujumbura ya leo, walifanya jambo hilo kwa kiwango kingine. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, ilifuatwa na Graf von Götzen: meli iliyotengenezwa Papenburg, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Iliungwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshapamba moto. Waingereza nao walivuta mashua mbili, Mimi na Toutou, kupitia misitu ya Kongo hadi ziwani. Mwishoni mwa 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Julai 1916, wakikimbia Wabelgiji, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, lakini mafundi wake walipaka mitambo grisi kwanza. Uangalifu huo wa mafundi ulilipa: Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mgawanyo wa baada ya vita ndio uliotuachia hali ya leo. Ubelgiji ilipata Ruanda-Urundi, lakini reli na Kigoma zikabaki Tanganyika ya Waingereza. Mkataba wa 1921 uliwapa Wabelgiji eneo lao la bandari Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Usumbura ipite. Haki ya kupita, hata hivyo, si uwezo wa kutengeneza. Mizizi ya karakana ikawa Kigoma na Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Bujumbura, hata baada ya kujengewa bandari mwaka 1959, ilibaki hasa mahali pa kupakulia.

Mwaka 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko hadi Kagunga, Tanzania, walipelekwa Kigoma na Liemba ile ile, ikiwa na umri wa miaka mia moja. Baadaye ikaegeshwa, ikisubiri ukarabati.

Nchi nyingine za kanda zimeanza kuchukua hatua. Kenya ilikabidhi kazi ya kuunda na kutengeneza meli kwa Wizara ya Ulinzi kupitia Kenya Shipyards Limited, iliyoanzishwa mwaka 2020, na kiwanda chake cha Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, kimeshaunda MV Uhuru II. Tanzania ilitia saini mwaka 2023 mikataba ya kuikarabati Liemba na kujenga kiwanda cha meli Kigoma. Burundi nayo inapanua bandari ya Bujumbura kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Umoja wa Ulaya na Japani.

Hapa ndipo wabunge wanapoingia. Kwa katiba ya Burundi, mikataba inayoifunga hazina ya nchi haiidhinishwi bila sheria. Kura hiyo ni rahisi kupigwa pale picha ya gati jipya inapoonyeshwa. Swali gumu ni la siku ya pili: nani atachimba mchanga unaoletwa na mto Ntahangwa, nani atalipa mafundi wa kuchomelea, na chelezo kitajengwa kwa kimo gani cha maji?

Ziwa lenyewe halitulii. Miaka ya 1870 lilijaa hadi likapasua njia ya Lukuga, kisha likashuka mita kadhaa. Mwaka 1964 lilipanda tena, na mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia nyumba za Kibenga. Chelezo cha kimo kimoja kitazama mwaka mmoja na kukauka mwingine.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjadala wa bungeni ungefaa uanzie kwenye kifungu cha matengenezo cha kila mwaka na shule ya mafundi, ndipo uje kwenye zege. Kikosi cha wanamaji, wavuvi na makampuni ya mizigo wote wanategemea mikono hiyo hiyo. Bila mikono hiyo, gati jipya litabaki mali ya Bujumbura, lakini meli zitaendelea kuwa za yule anayeweza kuzitengeneza.