Mada ya Utafiti wa Historia Shuleni na Umri wa Mashahidi Wetu

Mwanafunzi wa sekondari atakiwapo kuandika utafiti wake wa kwanza wa historia ya nyakati za karibuni, linalomtatiza zaidi si namna ya kuandika bali ni kuchagua mada. Aghalabu humwendea mwalimu wake akiwa na kichwa kama "Ukoloni katika Afrika" au "Sababu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia". Hizo si mada. Ni makabati ya vitabu. Mwanafunzi akikaa mbele ya kabati la namna hiyo hana budi kunakili, kwani wakubwa wake wamekwisha kuyasema yote kabla yake, na mwalimu akisahihisha daftari arobaini hukutana na sentensi zile zile mara arobaini. Twaona lawama hapa si ya mwanafunzi peke yake. Sisi walimu nasi hupenda vichwa vikubwa, kwa kuwa mtihani huuliza mambo makubwa.

Hata hivyo nchi yetu ina mfano mzuri sana wa vijana waliochagua vingine. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, iliendesha utafiti juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kazi hiyo waliifanya wanafunzi. Walikwenda katika wilaya ambako vita vilipita, nao wakakaa na wazee, wakawauliza na kuandika walichoambiwa. Mwaka uliofuata taarifa zao zikakusanywa pamoja. Miongoni mwa walioongoza uchunguzi wa vita hivyo katika miaka hiyo walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa, na huyu wa pili alitumia muda mrefu katika nchi ya Wamatumbi na majirani zao akisikiliza.

Yafaa tukumbuke hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Mtu aliyetaka kusoma habari za Maji Maji alikuta kwanza maneno ya mshindi. Gavana wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alichapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909, na humo uganga ulipewa nafasi kubwa. Alikuwapo pia Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga utenzi juu ya vita hivyo kwa Kiswahili. Lakini yeye alivitazama kwa macho ya mtu wa mjini pwani, si kwa macho ya mkulima wa milimani. Mkulima mwenyewe alikuwa bado hajaulizwa.

Alipoulizwa, vita vilibadilika sura. Ilidhihirika kwamba huko Umatumbi jambo lililowachoma watu lilikuwa shamba la pamba la lazima: kazi nyingi, viboko, na malipo yasiyolingana na jasho. Ilijulikana kwamba mwishoni mwa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete, wazee Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina ya pamba, na kitendo hicho kikawa tangazo la vita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji na kunyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka ule ule, alionekana kuwa mtu aliyewapa makabila mbalimbali imani moja, wala si mchawi tu wa kwenye taarifa za serikali. Kwingineko, kama vile Ungoni, sababu zilikuwa nyingine, kwani watawala wa huko walikuwa na uchungu wa kunyang'anywa enzi yao. Hata hesabu ya waliokufa ilitazamwa upya: Wajerumani walikadiria watu 75,000, ilhali Gwassa alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000, akiwahesabu wale walioangamizwa na njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala.

Sasa tutazame hesabu nyingine, ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Kutoka mwaka 1905 hadi mwaka 1968 ni miaka 63. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi vita vilipoanza alikuwa mzee wa miaka 73 wanafunzi walipobisha hodi. Laiti wangalichelewa miaka ishirini tu, wangalikuta makaburi. Mwanafunzi wa leo akitaka kuchagua Maji Maji anaweza, ila ajue kwamba atawasikia wajukuu na vitukuu, na ataandika juu ya kumbukumbu ya vita, si vita vyenyewe. Akitaka kusimama mahali waliposimama wenziwe wa mwaka 1968, yampasa ahesabu miaka sitini na kidogo kurudi nyuma kutoka leo. Hesabu hiyo itamfikisha katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Na tuchukue mahali pamoja, Kongwa katika Mkoa wa Dodoma. Kichwa "Mpango wa Karanga" kimekwisha kuandikwa sana. Serikali ya Kiingereza ilianza mwaka 1947 kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi, mvua hazikutosha, matrekta yakafa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wafanya kazi wazima wa siku hizo karibu wote wametutoka.

Lakini Kongwa ina habari nyingine isiyoandikwa sana kwa Kiswahili. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine walipewa kambi hapo Kongwa, penye majengo na kituo cha reli vilivyoachwa na wale wa karanga. Nachingwea nako ardhi ya karanga iligeuka kuwa kituo cha mafunzo cha FRELIMO, na mwaka 1967 kikosi cha wanawake wa Msumbiji kilifundishwa hapo. Vitabu vya viongozi na taarifa za vyama vyasimulia makamanda, silaha na mikutano. Juu ya wanavijiji Wagogo walioishi jirani na kambi hizo vyasema kidogo mno, kama vile von Götzen alivyosema kidogo juu ya mkulima wa Nandete.

Hapo ndipo penye mada. Hata hivyo "Mchango wa Kongwa katika Ukombozi wa Kusini mwa Afrika" bado ni kabati. Mtafiti ataletewa hotuba, naye mzee atajibu kwa maneno aliyoyasikia redioni. Ni afadhali mwanafunzi aulize jambo ambalo mtu mmoja aliweza kuliona kwa macho yake mlangoni pake. Tena amtenge aliyeshuhudia na aliyesimuliwa, aandike umri wa msemaji na mahali alipoishi wakati huo, na wazee wawili wakipingana asifanye haraka kuwapatanisha. Aziache kauli zote mbili ukurasani. Kisha aende kwenye nyaraka, ama za wilaya ama za Nyaraka za Taifa, aone kama zinajua alichoambiwa. Mara nyingi hazijui.

Wasiokaa Kongwa wana yao. Anayesoma Makambako au Mlimba ana reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na waliobeba kokoto zake bado wapo. Karibu kila wilaya ina kijiji kilichohamishwa kati ya mwaka 1973 na 1976, ingawa hapo mtafiti aende kwa adabu, kwa kuwa baadhi ya nyumba zilizobomolewa zina wenyewe walio hai.

Kwa mwanafunzi wa Kongwa, swali laweza kuwa hili: mwaka 1965, ni nani aliyewauzia watu wa kambini mtama, kuku na maziwa, kwa bei gani, na walielewana naye kwa lugha gani? Aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano mwaka huo amekwisha kupita sabini, na huenda nyumba yake iko mwendo wa nusu saa tu kutoka darasani.